Mheshimiwa, Jaza Fomu Hii Mwenyewe

Barua ya wazi kwa mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi wa taasisi za umma na wakuu wa vitengo vya TEHAMA

YAH: MIFUMO YA HUDUMA MTANDAONI NA WATU WANAOITUMIA

Waheshimiwa,

Salaam. Nina steshenari Morogoro, upande wa Msamvu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nauza bahasha na kalamu, na pembeni kuna kidirisha cha kuweka na kutoa pesa. Lakini kopi na bahasha hazilipi kodi ya fremu. Wanaonilipia kodi ni ninyi. Mnatengeneza mifumo ambayo mwananchi mwenye simu janja mkononi, tena mwenye bando, anashindwa kuitumia, halafu anakuja kwangu kunilipa nimjazie. Nilisomea kompyuta chuoni, ajira haikupatikana, na sasa naendesha dawati lenu la huduma kwa wateja bila mkataba wala mshahara.

Kwa hiyo barua hii inakwenda kinyume na tumbo langu. Mkiyafanyia kazi ninayoyaandika hapa, wateja wangu wengi watabaki nyumbani kwao.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Anayekumbuka foleni za kulipia ada za serikali na risiti za kuandikwa kwa mkono anajua namba ya kumbukumbu ya malipo, hii ambayo mtaani tunaiita kontroo namba, imetuokoa na mangapi. Siku hizi mtu analipia leseni akiwa amekaa hapa kwenye benchi langu, akiwa na soda mkononi. Malalamiko yangu ni ya safari yote anayopita kabla ya kuipata hiyo namba.

Chukueni kisa kimoja ninachokiona kila msimu wa maombi. Mfumo siutaji, anayeusimamia atajitambua. Binti kamaliza kidato cha sita. Anajaza kurasa na kurasa: majina, wazazi, shule, anwani, majina ya wazazi tena. Ukurasa wa mwisho unataka picha. Anaipakia. Mfumo unamjibu kwa maandishi mekundu, ya Kiingereza, kwamba faili si sahihi. Si sahihi kivipi? Ni kubwa mno? Ni ndogo? Ni ya aina isiyotakiwa? Haisemi. Anajaribu tena, na tena. Huku nyuma muda wake wa kukaa ndani ya mfumo unakwisha kimyakimya, anatolewa nje, na akirudi anakuta kurasa zote tupu kama hakuwahi kuzigusa. Hapo ndipo anapofunga safari kuja kwangu.

Mimi jibu ninalo kwa sababu ya mazoea tu. Picha inayopigwa na simu za siku hizi ina megabaiti kadhaa, na mfumo unataka kilobaiti chache. Naipunguza, naipakia, inapita. Nalipwa kwa siri ambayo mngeweza kuiandika kwa mstari mmoja juu ya kitufe. Na huo mstari ungekuwa nusu ya dawa. Dawa kamili ni mfumo wenyewe kuipunguza picha inapofika. Mtaalamu wenu ataifanya kazi hiyo mara moja, na maelfu ya watu watapita bila kujua kwamba palikuwa na kikwazo.

Fani hii ya kubuni namna mtu anavyokutana na mfumo ina kanuni zake, na si ngeni. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, alizipanga kumi mwaka 1994, na ukizisoma utadhani ni busara ya kawaida: mwoneshe mtu kinachoendelea sasa hivi, zuia kosa kabla halijatokea, likitokea, mwambie kwa lugha yake kilichoharibika na la kufanya, mpe njia ya kurudi nyuma, usimlazimishe kukumbuka kitu ambacho ungeweza kumwonesha. Fomu ya yule binti imezivunja zote hizo tano ndani ya ukurasa mmoja. Kunahitajika ustadi wa aina yake kufanya hivyo.

Sasa namba ya utambulisho wa taifa. Ina tarakimu 20. Kwenye kadi imegawanywa kwa vistari, na vistari hivyo vina kazi: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha yanafuata makundi mengine, na jicho linapata pa kupumzika. Mwananchi anainakili kama alivyoiona kwenye kadi. Mfumo unamkatalia kwa sababu kaweka vistari. Anakwenda mfumo mwingine, kwa kuwa amekwisha kuchapwa anaiandika bila vistari, na huko anakataliwa kwa kuvikosa. Kuondoa vistari vitatu, au kuviongeza, ni kazi ya mstari mmoja wa programu. Kwa nini apewe mzee wa miaka sabini aifanye kwa kidole gumba?

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kichwa cha binadamu kinashika kwa pamoja vitu kama saba hivi, ukiongeza au kupunguza viwili. Waliomfuata wamesema ni vichache zaidi ya hapo. Hesabu yoyote utakayoichukua, tarakimu 20 mfululizo hazimo.

Na hapa niseme la LUKU, huu umeme wetu wa kulipia kabla, maana lilitukuta sote. Mita za malipo ya kabla zinazofuata kiwango cha kimataifa cha STS, zetu zikiwemo, zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa na wahandisi kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani vijumba 24 vya sifuri au moja, na biti 24 zinabeba dakika milioni 16.7 na ushee, karibu miaka 32. Zikafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024, duniani kote kwa pamoja. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya tarehe hiyo isingepokea tena tokeni mpya, yaani ile namba ya tarakimu 20 unayopewa ukinunua umeme. Mteja akatakiwa kuingiza tokeni mbili za kubadili ufunguo wa mita, kisha ndipo ile ya umeme alioununua. Tarakimu 20 mara tatu. Sitini, kwa kidole.

Nakubali kwamba kwa mita zilizokwisha kufungwa ukutani hapakuwa na njia nyingi. Tena tokeni yenyewe ina ubunifu wa kusifiwa: ukikosea tarakimu moja mita inaikataa, na umeme wako hauwezi kuingia kwa jirani hata akiiba karatasi. Nilichojifunza mimi kwenye benchi langu ni kingine. Waliokuwa na ujumbe uliogawa tarakimu nne nne waliondoka na sikuwaona tena. Waliokuja na karatasi ambayo mtu kawanakilia tarakimu zote kwa mstari mmoja ulioshikana walirudi, wengine wakilaumu mita, wengine wakilaumu macho yao. Hawakuwa watu wa elimu tofauti. Kuna wakati walikuwa mume na mke wa nyumba moja. Kilichowatofautisha ni nafasi nne tupu katikati ya tarakimu.

Nafasi tupu haigharimu kitu, waheshimiwa. Nimekaa nikaifikiria sana hiyo.

Sasa nifike kwenye kauli inayoniudhi. Mfumo ukiwashinda watu, tunajua kitakachosemwa: wananchi hawana uelewa, elimu itolewe. Linatoka tangazo redioni, fulana zinachapwa, semina inafunguliwa na mgeni rasmi na kufungwa na mgeni rasmi mwingine. Fomu inabaki vilevile.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zinaharibika zikiwa zimekwisha kutua salama. Rubani yuko ardhini, ndege inakimbia kwenye barabara yake, anataka kukunja vibawa, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kutua, mkono unakunja magurudumu, ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zikaandika: kosa la rubani. Mwaka 1943 Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia kijana aliyekuwa akilifanyia kazi jeshi, akaenda kuangalia chumba chenyewe cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa zimekaa jirani na zimefanana. Kwenye ndege za aina nyingine ambazo swichi hizo hazikufanana, kosa hilo halikuwepo. Akapendekeza swichi moja iwekwe kigurudumu kidogo cha mpira, nyingine kipande chenye umbo la kibawa, ili mkono utambue hata gizani. Kosa la rubani likakoma. Marubani walikuwa walewale, waliofunzwa vilevile, na hakuna aliyepelekwa semina.

Nataka kila mkuu wa kitengo cha TEHAMA anayetamka neno "uelewa" kwenye kikao akumbuke kile kigurudumu cha mpira.

Kuna jambo zito kuliko usumbufu. Kwenye droo yangu lipo daftari. Lina majina ya wateja, na mbele ya majina zimo nywila zao. Sikuomba kulitunza. Mtu anajisajili kwa msaada wangu, mfumo unamdai nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Baada ya muda unamdai aibadilishe. Akiisahau, njia ya kuirudisha inapitia barua pepe, na hiyo barua pepe nilimfungulia mimi, hajawahi kuingia humo tangu siku ile. Kwa hiyo ananiambia: kaa nayo wewe, kaka, mimi nitaipoteza. Daftari la namna hiyo utalikuta kwa wenzangu wengi wenye steshenari, na si wote wanaofunga droo.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni sheria nzuri. Lakini ulinzi mliouandika kwenye sheria unavujia kwenye fomu. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilikwisha kushauri tangu mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda wala kudaiwa michanganyiko ya alama, kwa kuwa masharti hayo huwafanya wabuni nywila dhaifu au waziandike mahali. Huo ushauri ukifuatwa hapa, daftari langu litapungua kurasa.

Na msidhani ni shida ya wasiosoma. Tarehe 13 Januari 2018 wakazi wa Hawaii walitumiwa kwenye simu tahadhari ya kombora linalokuja. Ilikuwa imetumwa kimakosa. Zikapita dakika 38 kabla ya simu zilezile kupokea ujumbe wa kukanusha, na moja ya sababu ni kwamba ujumbe wa kukanusha haukuwa umeandaliwa: mfumo ulijua kwenda mbele, haukujua kurudi nyuma. Gavana David Ige alikiri baadaye kwamba alichelewa kuandika kwenye Twitter kwa sababu hakujua nywila ya akaunti yake. Gavana huyo! Laiti angekuwa na mtu wa steshenari.

Kuna sehemu nyingine nitaipita haraka kwa sababu haihitaji hoja ndefu. Nina mteja asiyeona. Simu yake inamsomea kila kilichoandikwa, na anaandika kwa kasi kuliko mimi. Anafika mahali anapotakiwa kutambua herufi zilizopindapinda ndani ya picha ili kuthibitisha kuwa yeye ni mtu. Simu inanyamaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Rekebisheni.

Wala hatuhitaji kusafiri mbali kuona kazi iliyofanywa vizuri. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, kwa mambo yao. Waliokuwa wakisimamia jaribio wangeweza kusema watu hawa hawajaelewa mfumo, waelimishwe. Badala yake wakawatazama, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata mnayajua.

Tazameni pia kitu kidogo ambacho kila Mtanzania anakitumia bila kukifikiria: ukituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Mstari mmoja tu. Unaona jina si la shangazi yako, unaacha. Na hiyo inafanyika hata kwenye kitochi, kwenye zile menyu za nyota na reli, ambazo skrini moja haiwezi kubeba zaidi ya herufi 182. Herufi 182, ndani yake kuna swali, jina, kiasi na nafasi ya kughairi. Ninyi mna skrini nzima ya kompyuta na bado mtu hajui kama maombi yake yamefika. Hilo la kutojua linaniletea wateja kuliko yote. Mtu kabonyeza "wasilisha", kiduara kinazunguka, kisha ukurasa mweupe. Je, yamefika? Anabonyeza tena. Sasa ana maombi mawili, na kontroo namba mbili, na hofu moja.

Baada ya hayo, naomba mambo matatu.

La kwanza ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilitoa kiwango cha huduma zake za mtandaoni, chenye masharti 26. Sharti la mwisho kabisa lilisema huduma ijaribiwe mwanzo hadi mwisho pamoja na waziri anayehusika nayo. Naomba sharti hilo liletwe kwetu, tena liletwe likiwa kali kidogo. Kabla ya utepe kukatwa, mheshimiwa akae kwenye kiti na kujaza mwenyewe. Msaidizi wake atoke chumbani. Kompyuta ya wizara yenye intaneti ya waya iondolewe, apewe simu janja ya bei ya chini iliyopasuka kioo, na bando la siku. Iwe jioni, mtandao ukiwa umeelemewa. Apigiwe simu katikati ya ukurasa wa tatu, kama inavyowatokea watu, akimaliza kuongea arudi aone kama alichokijaza bado kipo. Apakie picha yake. Asimwulize mtu. Aendelee mpaka apate risiti au akate tamaa, na kama amekata tamaa, uzinduzi uahirishwe.

La pili, baada ya mheshimiwa waje watu watano wa kawaida. Nielsen huyo huyo alisema watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya mfumo. Wapo wanaoibishia hesabu yake, mimi hata mkiniletea watatu nitapokea. Mama ntilie, bodaboda, mwalimu mstaafu, kijana aliyemaliza VETA, mtu asiyeona. Mtaalamu aliyeutengeneza mfumo akae nyuma yao na anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi nikimtazama mteja akihangaika, ulimi unawasha kusema "bonyeza hapo juu, kulia". Basi kila mahali ulimi wa mtaalamu utakapowasha, hapo ndipo pa kurekebisha. Na liandikwe kwenye zabuni kabisa. Leo mzabuni anakabidhi mfumo kwa orodha ya vipengele: usajili upo, malipo yapo, ripoti zipo, weka vema, lipa. Wekeni malipo ya mwisho yasubiri watu watano wafike mwisho bila msaada, mtaona fomu zitakavyofupika.

La tatu ni la takwimu. Mnapenda kututangazia waliojisajili. Tangazeni pia walioanza na kuishia njiani, na ukurasa walioishia. Mfumo ukitengenezwa vizuri unaweza kuzihesabu taarifa hizo bila kujua jina la mtu. Mkitangaza, nyie mtajua pa kuanzia, na sisi tutajua kama mwaka huu mmesogea.

Mkihitaji mahali pa kutazama watu wakijaza, steshenari yangu ipo, na wakati mzuri ni msimu wa maombi ya vyuo. Benchi linakaa watu wanne wakibanana. Msije na gari la serikali wala mpiga picha, kwa sababu watu wakiwaona watasema mfumo ni mzuri na hawana tatizo. Njooni wawili, mkae kimya mpaka saa nane mchana. Chai nitatoa mimi. Mkitaka nami niwajazie fomu, bei ni ileile ya wateja wengine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari
Msamvu, Morogoro